Makala ya Makala: Moto Mmoja wa Jumamosi Mjini Goma

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba umemletea makala, atakuuliza imetoka gazeti gani. Mwambie mama wa Birere, mtaa wa Goma, maneno hayohayo, atakuuliza ni ya mkaratusi au ni ya mti wa porini, na gunia umelipata kwa franka ngapi. Goma, mashariki mwa Kongo, makala ni mkaa. Basi msomaji asishangae: haya ni makala ya makala, na kila kitu kinachopikwa humu ndani kinapikwa juu yake.

Wageni wanaofika mji huu hupenda kuuliza watu wanakula nini. Wenyeji wanajua swali lenyewe liko pengine. Maharagi yapo, viazi vipo, sombe ipo, sambaza wapo. Kinachohesabiwa ni moto wa kuyaivisha. Mama anaposimama sokoni akigeuza noti mkononi, mara nyingi hafikirii bei ya kilo ya maharagi peke yake. Anajumlisha maharagi na saa zake za kuchemka. Harage la rahisi lililozeeka ghalani, lenye ganda gumu, linaweza kula makala ya thamani kuliko lenyewe. Ndiyo maana utamwona analichukua moja, analiuma kwa jino la pembeni, kisha anarudi kuuliza, “Haya ni ya mavuno gani, mama?”

Kuna sababu nyingine ambayo mpishi wa pwani hawezi kuijua mpaka ahamie huku. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji huanza kuchemka yakifika nyuzijoto 95 hivi, wakati Mombasa au Tanga yanafika 100. Nyuzi tano ni kitu kidogo kwa anayechemsha chai. Kwa harage kavu ni muda mrefu wa ziada. Sufuria inatokota, povu linapanda, mgeni anafurahi kwamba chakula ki karibu, na mwenyeji anaendelea kuchambua mboga bila haraka, maana anaijua safari iliyobaki.

Kwa hiyo mapishi ya Jumamosi huanza Ijumaa usiku, kwa bakuli la maji. Maharagi huloweshwa yakalala humo, asubuhi yameshavimba na ganda limelainika. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, lakini hata maji hayo yamebebwa. Goma imekaa juu ya lava. Mvua hunyesha nyingi, ikapenya katikati ya mawe, na hakuna mto unaopita mjini. Ziwa Kivu liko mbele ya macho, bomba lina siku zake za kutoa na siku zake za kukataa, kwa hiyo bido la lita ishirini, mgongoni au juu ya baiskeli, ni kitu cha kila siku. Maji yaliyolowesha maharagi hayamwagwi ovyo. Yanasubiri kudekia sakafu.

Kopo na gunia

Makala huuzwa Goma kwa namna mbili, na tofauti ya namna hizo mbili ndiyo tofauti ya nyumba na nyumba. Kuna anayenunua gunia zima, refu, lililofumwa mdomoni kwa majani na kamba ili lijae kupita kipimo chake. Na kuna anayenunua kwa kopo au kwa mfuko mdogo wa nailoni, moto wa leo kwa hela ya leo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye kona ya makala methali hiyo hugeuka: haba na haba ndiyo inayokitoboa kibaba. Muuza rejareja naye ana watoto, lazima faida yake itoke kwenye kila kopo, na vipande vikubwa vikipangwa kwa ustadi huacha nafasi nyingi ya hewa ndani. Anayenunua kopo moja kila asubuhi hulipa, mwisho wa mwezi, zaidi ya bei ya gunia, bila kulimiliki gunia hata siku moja. Yeye mwenyewe anajua hesabu hiyo vizuri kuliko mwanauchumi yeyote. Hela ya gunia kwa mkupuo ndiyo haipo.

Hapo ndipo likelemba inapoingia. Watanzania wangeiita upatu, Wakenya wangesema chama. Wanawake kumi, kumi na wawili, wa soko moja au wa avenyu moja, kila mmoja anatoa kiasi kilekile kila siku au kila wiki, na zamu kwa zamu mmoja wao anachukua chote. Hakuna riba wala karatasi ndefu, kuna daftari la shule na aibu ya kushindwa kulipa mbele ya majirani. Zamu ikifika, wengi hununua kitu kile ambacho kopo haliwezi kununua: gunia la makala, mfuko wa unga, dumu la mafuta ya mawese. Utaratibu huu ulikuwepo zamani, lakini umuhimu wake ulionekana upya baada ya Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na mabenki yakafunga milango. Noti zilizokuwa mikononi mwa watu zikaendelea kuzunguka na kuchakaa. Goma hutumia franka na dola kwa pamoja, na dola iliyopasuka hata kidogo pembeni hukataliwa na muuzaji. Daftari la likelemba halikuhitaji benki, lilihitaji watu kumi wanaofahamiana.

Yanatoka wapi?

Ukitaka kujua makala yanakotoka, simama asubuhi kwenye barabara inayoshuka kutoka Kibumba. Utawaona vijana wa chukudu. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali: ubao mrefu, usukani, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa ukanda wa tairi kuukuu. Fundi huichonga kwa panga, tezo na msumeno, na inaweza kubeba mamia ya kilo. Kwenye mteremko dereva hupanda, akaweka goti moja juu ya kipande cha raba kilichopigiliwa ubaoni, kasi ikaja yenyewe. Kwenye mpando anashuka na kusukuma. Kabichi, viazi, magunia ya makala, vyote hushukia mjini juu ya mbao hizo. Mwaka 2009 mji ulimsimamishia mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na ni haki yake: jiko la Goma limesimama juu ya magurudumu yake.

Mengine huja kwa maji, kwa mitumbwi na maboti yanayotia nanga Kituku, pamoja na ndizi za Idjwi na bidhaa za Minova. Lakini swali la mti wenyewe haliishii bandarini. Nyuma ya Goma kuna Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala ya mji imechomwa kutoka kwenye misitu yake, na biashara hiyo imewalisha watu wenye bunduki kuliko wenye mashoka. Julai 2007 ngagi wa kundi la Rugendo, wale sokwe wakubwa wa milimani, walipigwa risasi, na mauaji yao yakahusishwa na vita vya kugombea makala. Mwaka huohuo shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala, wa kuwasaidia wakulima wadogo kupanda mikaratusi na miti mingine inayokua haraka kwenye mashamba yao, ili mji upate moto bila kuingia hifadhini. Ndiyo maana mama wa Birere aliuliza: ni ya mkaratusi au ya porini? Yeye anauliza kwa sababu ya jiko lake. Mti mgumu wa msituni hukaa na moto muda mrefu, mkaratusi huwaka haraka. Swali la jikoni na swali la msitu ni swali moja, na jibu linalofaa jiko si lazima lifae mlima.

Mbabula

Jiko lenyewe linaitwa mbabula. Lile la kawaida ni bati tupu, limekunjwa na kugongwa na mafundi kutoka kwenye mabati chakavu. Ni jepesi na rahisi, na linapasha moto miguu ya mpishi karibu sawa na sufuria. Lile lililoboreshwa limewekwa udongo wa kuchomwa ndani, ndugu wa lile jiko la Kenya lililoenea tangu miaka ya 1980. Udongo hushika joto likabaki chini ya sufuria, na makala yakaenda mbali zaidi.

Anayenunua hukagua kwa mikono. Kwanza huugonga udongo kwa kidole: ukilia kwa sauti safi, ni mzima, ukitoa sauti ya kufa, una ufa ndani. Kisha huweka sufuria yake aliyokuja nayo kutoka nyumbani, aone kama inakaa vizuri bila kuziba pumzi. Mwisho hufungua na kufunga kimlango cha chini. Kimlango hicho ndicho ufunguo wa uchumi wote. Kikiwa wazi moto unapanda, kikifungwa unalala, na mwenye mbabula isiyo na kimlango anapika kwa kasi moja tu, ile ya hasara.

Sufuria baada ya sufuria

Sasa moto wa Jumamosi umewashwa, na mpangilio wake haubahatishwi. Maharagi ndiyo ya kwanza, wakati makala yana nguvu zote. Juu ya sufuria ya maharagi, badala ya mfuniko, inakaa sufuria ya pili yenye maji. Mvuke wa chini unayapasha maji ya juu bure. Maharagi yakikaukiwa huongezwa maji hayohayo ya moto, maana ukimwaga ya baridi umeurudisha moto nyuma. Yakishaanza kulainika, kimlango kinafungwa nusu.

Inafuata sombe, kisamvu cha Watanzania na pondu ya Kinshasa. Zamani kinu kilisikika uani tangu asubuhi. Siku hizi wengi huinunua sokoni ikiwa imeshasagwa kwa mashine. Kula haraka haiwezekani: jani la muhogo lina sumu, na sumu hiyo hutolewa kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri, sufuria ikiwa wazi mwanzoni. Baadaye ndipo huingia vitunguu, bilinganya na mafuta ya mawese, mpaka rangi ya kijani ikanywa ile nyekundu.

Konzi moja ya makala mapya, kimlango wazi, na zamu ya bugali imefika. Bugali wa unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo hautaki moto wa kubembeleza, unataka moto mkali na mkono mkali kwa dakika chache. Mara tu unaposhuka, kikaango kinapanda kwa ajili ya sambaza. Hawa ni samaki wadogo waliotolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu karibu mwaka 1959, kwa sababu ziwa hili, ambalo vina vyake havina oksijeni na vimejaa gesi, lilikuwa na samaki wachache wa kuvua. Wageni wale walilipenda tabaka la juu la maji, wakazaana. Usiku wavuvi huwafuata kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na asubuhi wako sokoni kwa fungu. Sambaza ni rafiki wa mwenye makala machache: hawahitaji kupasuliwa wala kuchemshwa, mafuta kidogo, chumvi, dakika chache, limau na pilipili juu yao, na wanaliwa wazima na mifupa yao.

Watu wanakula, lakini moto haujastaafu. Yale maji ya juu yanawaogesha watoto. Viazi vitamu viwili vitatu vinafukiwa kwenye majivu ya moto kwa ajili ya chai ya kesho. Jirani anamtuma mtoto na kipande cha bati kuomba kaa moja la kuwashia mbabula yake, naye anapewa, maana wiki ijayo atakuwa ni huyu anayeomba.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii hailiruhusu: kulala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha na baridi ya mlima ikishuka. Watu wa Goma wanazijua hewa zisizoonekana. Kwenye mabonde madogo ya kando ya ziwa, upande wa magharibi wa mji, kuna mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayotuama mashimoni na kuua mbuzi na watu bila harufu. Hewa ya makala ni nyingine, lakini nayo huja bila kubisha hodi.

Umeme umeanza kuingia kwenye hesabu. Mtambo wa maji wa Matebe, Rutshuru, ulizinduliwa mwaka 2015, na mitambo ya jua ya kampuni ya Nuru ikawasha taa mtaa wa Ndosho mwaka 2020. Wenye uwezo wamenunua jiko la umeme. Lakini hata wao wana mbabula nyuma ya mlango. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tena na siku chache baadaye mji ukaamriwa kuhama, watu walitembea kuelekea Sake na Gisenyi wakiwa na godoro, sufuria na mbabula. Kitu ambacho huwezi kukibeba kichwani, Goma hukitegemea kwa nusu.

Usiku, vipande vya mwisho vyenye rangi ya machungwa hukusanywa kwa koleo na kutiwa ndani ya pasi ya chuma, mfuniko ukafungwa. Kitenge kinanyoshwa, shati jeupe la mtoto linanyoshwa, pindo kwa pindo. Kesho Jumapili, barabarani, juu ya vumbi jeusi la lava, utaziona nguo zimenyooka kama zimetoka dukani. Zilinyoshwa kwa moto ulioivisha maharagi. Majivu yaliyobaki yatasugua masizi ya sufuria, na bakuli la maji litawekwa tena mahali pake.