Mnyonyadamu alivyobeba mapenzi yaliyokatazwa

ENZI za ukoloni, wakazi wengi wa Pwani na wa miji ya Afrika Mashariki waliogopa kutembea usiku wasije wakanaswa na mumiani. Iliaminika kwamba watu hao, ambao jijini Nairobi na kwingineko walihusishwa na wazimamoto na magari yao, waliwakamata wapita njia na kuwatoa damu ili itengenezewe dawa. Mwanahistoria Luise White alizichambua simulizi hizo katika kitabu alichochapisha mwaka wa 2000, akaziona kuwa kumbukumbu ya jinsi Waafrika walivyouelewa utawala uliowakandamiza.

Hata hivyo, mumiani hana ashiki. Haja yake ni damu, na damu yenyewe ni bidhaa tu. Hamjui jina anayemwinda wala hana haja ya kumjua. Hapo ndipo anapotofautiana na mnyonyadamu wa Ulaya, yule maiti anayetoka kaburini usiku katika fasihi ya kigothi, yaani hadithi za kutisha zenye majumba makongwe, makaburi na siri za ukoo. Huyo huchagua. Huingia chumbani, huketi kitandani na kuinamia shingo. Naye anayeumwa huogopa na kutamani kwa wakati mmoja.

Mkanganyo huo wa hofu na tamaa uliwapa waandishi wa karne ya 19 njia ya kusema yasiyosemeka. Katika Uingereza ya Malkia Victoria, mapenzi baina ya watu wa jinsia moja hayangeandikwa waziwazi na mtunzi aliyejali jina lake. Lakini zimwi halikubanwa na adabu za watu. Liliruhusiwa kupenda litakavyo, mradi mwishowe liuawe.

Mfano bora ni 'Carmilla', hadithi ndefu ya Sheridan Le Fanu, mwandishi mzaliwa wa Dublin, Ireland. Ilitoka kwa mfululizo jaridani kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1871, kisha ikaingizwa katika mkusanyiko wake wa mwaka wa 1872. Ikumbukwe kwamba 'Dracula' ya Bram Stoker ilikuja miaka 25 baadaye.

Msimulizi ni Laura, msichana aliyefiwa na mama angali mchanga na anayeishi na babake katika ngome iliyojitenga nchini Austria. Siku moja gari la farasi linapinduka karibu na kwao, na msichana mrembo aliyekuwemo anaachwa hapo apate nafuu. Huyo ndiye Carmilla. Laura anashtuka kuiona sura yake, kwa kuwa aliwahi kuiona utotoni, usiku ambapo mwanamke asiyemjua alilala kando yake kitandani, kisha akahisi kama sindano mbili zimemdunga kifuani.

Urafiki unachipuka upesi. Carmilla humshika Laura mkono asiuachilie, humbusu mashavuni, humwambia kwamba wao wawili ni kitu kimoja milele. Laura anakiri kwamba alivutiwa na kuchukizwa papo hapo. Hana neno la kuliita jambo hilo. Katika kutafuta maelezo, anajiuliza iwapo Carmilla si mvulana aliyejigeuza mwanamke ili apate kuingia nyumbani na kumposa. Hapa ndipo ustadi wa Le Fanu unapodhihirika. Msichana huyu angeamini hila ya ajabu kama hiyo kabla ya kuamini kwamba mwanamke anaweza kumtamani mwanamke.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Wasichana wa wakulima wa jirani nao wanaumwa, lakini wao hawabembelezwi. Hufa baada ya siku chache na kuzikwa. Karibu na tamati, hadithi inaeleza kwamba mnyonyadamu hushikwa na shauku inayofanana na mapenzi kwa watu fulani tu, na kwa hao huwa na subira, kama mchumba. Waama, hata mahaba ya zimwi yana tabaka.

Wanaomaliza mambo ni wanaume: baba, jenerali aliyempoteza binti aliyemlea, kasisi, madaktari, na mtaalamu wa mambo ya wafu. Kaburi linafunguliwa, Carmilla anachomwa kigingi moyoni, anakatwa kichwa, na majivu yake yanatupwa mtoni. Laura hayupo. Anayasimulia hayo kutokana na ripoti ya serikali. Ila sentensi ya mwisho ya hadithi ni yake mwenyewe, si ya ripoti: miaka kadhaa baadaye, bado hudhani anasikia hatua nyepesi za Carmilla mlangoni. Je, anaogopa, au anangoja? Le Fanu hasemi.

Stoker, naye mzaliwa wa Dublin, aliandika katika mazingira makali zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1885 ilipanua adhabu kwa mahusiano baina ya wanaume, na mwaka wa 1895 mwandishi Oscar Wilde, aliyefahamiana na Stoker tangu ujanani, alifungwa miaka miwili na kazi ngumu. 'Dracula' ilitoka mwaka wa 1897. Mwanzoni mwa riwaya hiyo, Dracula anawafukuza wanawake watatu waliotaka kumuuma mgeni wake, Jonathan Harker, akidai kwamba mwanamume huyo ni wake. Msomaji anangoja dai hilo litimizwe, lakini halitimizwi mbele ya macho yake. Meno ya Dracula yanaelekezwa kwa wanawake, Lucy na Mina, na mazungumzo yanakatika hapo.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale zimwi lilipopewa kinywa. Mwaka wa 1976 Mmarekani Anne Rice alichapisha 'Interview with the Vampire', riwaya ambamo mnyonyadamu Louis anamhadithia kijana mwenye kinasa sauti maisha yake na Lestat, aliyemgeuza. Wanaume hao wawili wanaishi nyumba moja na kumlea mtoto wa kike, Claudia. Hawalali pamoja kama mume na mke. Kuumana ndiko kunakobeba ashiki yote. Filamu ya mwaka wa 1994 ilidumisha fumbo hilo, ilhali mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka wa 2022 uliwaonyesha bila kificho kuwa wapenzi.

Jewelle Gomez, mwandishi Mmarekani Mweusi, alikwenda mbali zaidi katika 'The Gilda Stories' ya mwaka wa 1991. Mhusika wake mkuu ni msichana aliyetoroka utumwa huko Louisiana katika miaka ya 1850, akapokewa na wanawake wawili wapendanao na kugeuzwa mnyonyadamu kwa hiari yake. Hadithi inamfuata hadi mwaka wa 2050, na hakuna umati wa wanaume unaokuja na kigingi kuitamatisha. Gilda na wenzake hawaui ili wale. Huchukua damu kidogo tu kwa mtu aliyelala, huingia katika mawazo yake kujua anachokitamani, kisha humwachia kitu badala ya damu hiyo: ndoto, au wazo alilokuwa amelikosa.