Mwanachama Mzee Anaporudi Kutoka Hospitali

Katika msimu wa kahawa hutokea mara nyingi kwamba karani wa mizani huita jina la mwanachama mzee, na anayeitika ni mtoto au mjukuu wake. Akiulizwa, hujibu kwamba mzee alilazwa hospitali, sasa amerudi na anapumzika. Msimu unaofuata jibu huwa lile lile. Kufikia msimu wa tatu kitabu cha mwanachama kimekwisha kuhamia mikononi mwa kijana, mzee haulizwi tena habari za bei wala za malipo ya pili, na jina lake limebaki katika daftari kama la mtu aliyehama kijiji. Ugonjwa uliompeleka hospitali ulikwisha siku nyingi. Kilichomweka kitandani ni jambo jingine, na jambo hilo chama cha msingi kinaweza kulizuia kwa sehemu yake.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba kitanda cha hospitali huponya, lakini hutoza gharama. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wenye afya njema, ambao umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 67, waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mzee aliye na homa ya mapafu au aliyepasuliwa huongezewa juu yake kukosa usingizi, chakula asichokizoea, maumivu na wasiwasi. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2003, uliofanywa katika hospitali za jimbo la Ohio, ulionyesha kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, 35 walitoka hospitali wakiwa hawawezi kufanya baadhi ya mambo waliyokuwa wakiyafanya wenyewe kabla ya kuugua: kuoga, kuvaa, kula, kuinuka kitandani au kwenda chooni.

Baadhi ya wazee pia huchanganyikiwa kwa ghafla wakiwa wodini. Husema na watu wasiokuwapo, husahau mahali walipo, hutaka kung'oa mipira ya dawa. Jamaa huingiwa na hofu, na wengine huanza kutafuta mchawi. Kwa kweli hali hiyo ni ya kawaida kwa wazee wanaougua sana, na aghalabu hupungua ugonjwa unapopungua, ingawa kwa wengine huchukua wiki nyingi. Lakini ikimpata mzee akiwa nyumbani, arudishwe kwa mganga siku hiyo hiyo, kwa maana huenda ni dalili ya ugonjwa mpya au ya dawa isiyomfaa.

Sasa, kwa nini wazee wawili waliougua ugonjwa mmoja, wenye umri mmoja, hutofautiana sana baada ya miezi sita? Sehemu ya jibu imo mwilini; sehemu nyingine imo katika nafsi. Katika mji wa New Haven, Marekani, wazee 598 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walifuatwa kwa karibu miaka 11. Kila mmoja aliulizwa maneno matano yanayomjia kwanza akilini afikiripo habari za wazee. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012 na Becca Levy na wenzake. Wale waliotaja maneno ya heri juu ya uzee, walipopatwa na udhaifu mkubwa wa mwili, walikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 44 ya kupona kabisa kuliko wale waliotaja maneno ya kudharau. Haifai kudhani kwamba neno zuri peke yake huinua mgonjwa. Hata hivyo mtu anayeamini kwamba uzee ni kuchakaa tu, hana sababu ya kujisumbua kusimama na kujaribu hatua kumi hadi mlangoni.

Kujisumbua huko ndiko penye siri. Albert Bandura, mwanachuo wa elimu ya nafsi, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi ya yote na kutenda: aliyefaulu jambo dogo leo huthubutu jambo kubwa kidogo kesho. Pia hujengwa kwa kumwona mtu wa hali kama yake akifaulu. Kwa hiyo kamati inapochagua wajumbe wa kumtembelea mwanachama aliyetoka hospitali, asiachwe mwanachama mwenzake aliyewahi kulazwa na sasa anatembea. Nusu saa ya mazungumzo naye ina faida kuliko hotuba ya mwenyekiti. Tena ugeni usiwe wa siku ya kwanza tu, pale nyumba inapojaa watu, soda na biskuti. Wiki ya tatu, ambapo hapigi hodi mtu, ndiyo ngumu.

Hatari kubwa huja kwa sura ya upendo. "Pumzika, Babu, kazi tutafanya sisi." Maneno hayo ni ya heshima, nayo yafaa kwa siku za kwanza. Yakiendelea miezi mitatu huwa hukumu. Mzee anayeogopa kuanguka hukaa. Akikaa miguu hulegea. Miguu ikilegea huanguka kweli. Mwaka 1976, katika nyumba moja ya kutunzia wazee katika jimbo la Connecticut, Ellen Langer na Judith Rodin waliwapa wazee wa ghorofa moja uhuru wa kuamua mambo yao, pamoja na mmea mdogo wautunze wenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, lakini wauguzi ndio walioumwagilia. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu na watendaji zaidi.

Mkulima wa kahawa hana haja ya kutafutiwa mmea. Anao kitalu, na hata asipoweza kushika jembe anaweza kukaa kitini akichambua buni au kuamua miche ipi ing'olewe. Jambo la lazima ni kwamba uamuzi uwe wake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2015, halikusema kwamba uzee wenye afya ni uzee usio na maradhi. Lilisema ni mtu kuendelea kuweza kuwa na kutenda yale anayoyathamini kwa sababu zake mwenyewe.

Pamoja na hayo, moyo haujengi nyama pasipo chakula. Maharagwe, mayai, maziwa na dagaa vina kazi kubwa katika siku hizo kuliko uji mtupu. Dawa zimalizwe kama zilivyoandikwa. Na mzee asiyetaka kula, asiyelala, asiyetaka kuonana na watu kwa muda wa wiki mbili, asiambiwe ajikaze. Huenda ana ugonjwa wa huzuni, ambao hutibiwa.

Kwa upande wa katibu, kazi yenyewe si kubwa. Kitabu cha mwanachama kisikabidhiwe mtu mwingine ila kwa idhini ya mwenyewe, iliyotolewa akiwa na akili timamu. Kijana akileta mzigo, stakabadhi iandikwe kwa jina la mzee, na apelekewe aione. Malipo yakifika naye hawezi kutembea, katibu na shahidi mmoja waende kwake, wamsomee kilo na bei, naye aulize apendalo. Na mkutano mkuu ukiitishwa, mzee apelekewe taarifa kwa jina lake, kiti chenye egemeo kiwekwe karibu na mlango, na ufunguo wa choo usikae mfukoni mwa mlinzi.