Soko la RAM Mzumbe: bumu likitoka, bei imeshapaa

Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, maarufu kama bumu, zikitoka, mafundi wa kompyuta wanaohudumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, huingia msimu. Lalamiko ni moja: laptopu nzito. Mashine yenye RAM ya GB 4 ikibebeshwa Excel, SPSS ya utafiti na kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja, inakwama. Laptopu mpya haishikiki, hivyo kuongeza RAM hadi GB 8 ndiyo nafuu iliyo karibu. Sasa nafuu hiyo nayo inapanda bei.

Laptopu nyingi mikononi mwa wanafunzi ni mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizokwisha muda wake katika ofisi za ng'ambo, zikafika soko la Kariakoo, Dar es Salaam. RAM za mtumba hupatikana hukohuko, nyingine zikiwa zimechomolewa kwenye mashine zilizokufa. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imeisogeza Kariakoo karibu. Fundi anaweza kuagiza kipande pale tu mteja anapolipa, bila kufungia mtaji kwenye shelfu.

Na mtaji huo una hatari, kwa kuwa aina za RAM haziingiliani. DDR3L ya laptopu ina pini 204 na hutumia volti 1.35, DDR4 ina pini 260 na volti 1.2. Hata pengo la kwenye ukingo liko mahali tofauti, kwa hiyo ukinunua isiyo yake haiingii. Kazi yenyewe ni fupi: betri inatolewa, fundi anagusa chuma kuondoa umeme tuli, anaingiza kipande kwa mshazari, kisha anakilaza hadi vishikizo vya pembeni vilie "ta". EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili, unaongeza tu. ThinkPad X250 ina moja, lazima cha zamani kitoke, na hapo mteja mjanja hukitumia kupunguza bei.

Bei inaamuliwa mbali na milima ya Uluguru. Kampuni za Samsung, SK Hynix na Micron ndizo zinazotawala soko la RAM duniani, na tangu nusu ya pili ya 2025 uzalishaji umeelekezwa zaidi kwenye seva za akili unde, ambako kunalipa vizuri. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Kipya kikipanda, mtumba hausalii nyuma.

Upande wa pili, laptopu nyingi nyembamba za sasa RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hakuna cha kuongeza. Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita. Hata uijaze GB 16, kikwazo kiko palepale.

Kwa mwanafunzi, swali la kwanza lisiwe bei. Aulize prosesa ni ya kizazi gani, kuna nafasi ngapi, na diski ni ya aina gani. Kama bado ni ile ya kuzunguka, diski ya SSD huenda ikamfaa kuliko RAM. Fundi atakayeyajibu hayo kabla ya kupokea pesa, na kuandika dhamana kwenye risiti, ndiye atakayebaki na wateja bumu lijalo.