Safari Nzima Ndani ya Alama 52

Mwanzo wa gemu la Dragon Quest II ni wa kumfuata mtu ambaye kila ukifika, ameshaondoka. Ngome ya Moonbrooke imeangushwa na jeshi la kuhani Hargon, askari mwenye majeraha amejikokota hadi Lorasia kutoa habari, na mwanamfalme wa Lorasia ametoka peke yake kumchukua binamu yake wa Samaltoria wakapigane pamoja. Binamu hayupo, amekwenda kwenye chemchemi ya mashujaa. Ukifika chemchemi unaambiwa ameelekea Lorasia, huko huko ulikotoka. Mwishowe unamkuta amejipumzisha katika nyumba ya wageni mjini Liriza, na ni yeye anayelalamika kwamba amekutafuta sana.

Gemu hili lilitoka Japani Januari 1987, miezi minane tu baada ya lile la kwanza. Mtungaji alikuwa Yuji Horii, mchoraji Akira Toriyama, mwanamuziki Koichi Sugiyama, na uandishi wa programu uliongozwa na Koichi Nakamura wa kampuni ya Chunsoft. Anayeliingia akitokea kwenye la kwanza anauona upana wake mapema. Kule shujaa alikuwa mmoja, akipambana na zimwi moja kwa wakati mmoja. Hapa mashujaa ni watatu, mazimwi huja makundi makundi, ipo meli ya kuvuka bahari, na bara la Alefgard, ambalo mara ya kwanza lilikuwa ndiyo dunia nzima, limekuwa kipande tu kwenye ramani.

Upana huo una gharama yake, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kusisimua kuliko vita vyote vya gemu hili. Mashine ya Famicom, iliyochezesha gemu hili, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 peke yake, nayo ilifutika mara umeme ulipozimwa. Kaseti ya gemu ilibeba kilobaiti 128, maradufu ya ile ya kwanza, lakini yaliyomo yalichapwa kiwandani, hayaandikiki juu yake. Basi mtoto akiambiwa azime televisheni akalale, safari yake inabaki wapi?

Ilibaki kwenye daftari lake. Ndani ya gemu mchezaji alikwenda kwa mfalme, na mfalme akampa mlolongo wa alama za hiragana usio na maana yoyote, ulioitwa maneno ya ufufuo. Aliunakili kwa penseli. Kesho yake aliuingiza alama moja baada ya nyingine, na gemu likamrudisha pale alipoishia, na dhahabu yake na upanga wake. Katika gemu la kwanza alama zilikuwa 20. Katika la pili zinaongezeka kadiri safari inavyokua, hadi kufikia 52.

Alama zinazotumika ni 64, na idadi hiyo haikuja kwa bahati. Swali la ndiyo au hapana ni biti moja, yaani 0 au 1. Maswali sita ya namna hiyo yana majibu 64 yanayowezekana, kwa hiyo kila alama inabeba biti sita kamili bila kupoteza hata moja. Alama 52 ni biti 312, sawa na baiti 39. Ujumbe mmoja wa SMS una baiti 140. Safari nzima ya mashujaa watatu inaingia ndani ya theluthi ya SMS, na nafasi inabaki.

Inawezekanaje? Kwa kuacha kila kisicho cha lazima. Ramani, mazimwi, muziki na maneno ya wanakijiji hayabadiliki, yamo kwenye kaseti. Kinachobadilika ni wewe. Je, umeshampata binamu? Binti mfalme wa Moonbrooke, aliyegeuzwa mbwa kwa laana, umeshamfungua kwa kioo cha Ra? Kila tukio kubwa ni biti moja. Ukilitazama hivyo, gemu la kutumwa huku na kule ni orodha ya maswali ya ndiyo na hapana, na kucheza ni kuyageuza majibu yake moja moja. Ngazi ya shujaa haina haja ya kuandikwa, kwa sababu inakokotolewa kutoka kwenye pointi za uzoefu. Hata majina ya binamu na binti mfalme yanatokana na jina ulilompa shujaa wako mwanzoni.

Mizigo ndiyo inayokula nafasi. Kila shujaa anabeba vitu vinane, jumla 24. Kila kitu kikipewa biti sita za kutambua aina yake, hizo ni biti 144, karibu nusu ya uwezo wote. Ndiyo maana mlolongo unarefuka kadiri mikoba inavyojaa.

Kati ya biti za mlolongo kuna chache zisizobeba habari yoyote ya safari. Ni za ukaguzi: gemu hufanya hesabu juu ya mlolongo mzima na kulinganisha jibu. Lisipolingana, maneno yanakataliwa. Ukaguzi huo unajua kwamba kosa lipo, ila hausemi liko wapi. Na makosa hayakuwa na budi kutokea. Kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu inashika vitu vichache mno kwa pamoja, saba hivi kwa makadirio maarufu ya George Miller ya mwaka 1956, na watafiti wa baadaye wamesema ni vichache zaidi. Alama 52 zisizo na maana zinalazimisha jicho kwenda skrini na kurudi daftarini mara nyingi. Isitoshe, «be» na «pe» zinatofautiana kwa vijinukta viwili dhidi ya kiduara kimoja, na kwenye televisheni za wakati ule vyote vilikuwa ukungu. Kiduara kimoja kikisomwa vibaya, saa nyingi za kazi zilipotea. Naona huo ulikuwa mzigo mkubwa kumtwika mtoto.

Ukaguzi wa biti chache una udhaifu mwingine: kati ya milolongo mingi ya kubuni, baadhi itapita. Mfano unaojulikana na karibu kila mpenzi wa gemu hili unaunganisha majina ya kalamu ya waandishi wa safu ya magemu katika jarida la Shonen Jump, kisha jina la Horii, kisha la Toriyama, na mwishoni «pe» zinazofuatana. Ukiuingiza, gemu linaukubali na kukupa shujaa aitwaye Moyomoto, ngazi ya 48, ambaye hakuna mtu aliyemlea.

Mwaka 1988 Dragon Quest III ilikuja na betri ndani ya kaseti, na kunakili kukaisha. Lakini betri huisha nguvu, na ikiisha safari iliyohifadhiwa inafutika bila njia ya kuirudisha. Maneno ya ufufuo hayategemei betri. Mlolongo ulionakiliwa kwa usahihi mwaka 1987 bado unafungua safari ile ile leo kwenye kaseti yoyote nzima ya Dragon Quest II, hata ya mtu mwingine.