Kumpokea Mgeni Katika Chuo Kikuu

Kama unaye mtoto aliyefaulu mtihani wa Serikali mwaka huu, bila shaka umekwisha kuanza kuhesabu: nauli ya gari, godoro, sanduku la bati, malipo ya masomo. Hati yake ya kufaulu umeifunga ndani ya plastiki ili mvua isiiguse. Lakini liko jambo moja ambalo wazazi hawalihesabu, maana haliuzwi sokoni: ni nani atakayempokea mtoto huyo siku ya kwanza, atakaposhuka garini na kusimama mbele ya majumba mengi asiyoyajua, huku watu wakimpita mbio bila kumtazama?

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niliifanya kazi hiyo ya kupokea wageni miaka mitatu mfululizo. Hatukuwa na cheo, wala hatukulipwa mshahara. Tulipewa chakula cha adhuhuri na kitambaa cheupe cha kufunga mkononi ili wageni watujue. Kila kiongozi alikabidhiwa wageni ishirini kwa muda wa siku nne. Watu wengi hudhani kwamba hiyo ni kazi ndogo, ya kuonyesha njia tu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Juma moja kabla ya wageni kufika, tulikusanywa tukafundishwa. Tuliambiwa kwamba kiongozi asitembee mbele wakati wote, kwa kuwa yule aliye nyuma kabisa ndiye mwenye mashaka kuliko wengine. Tulipewa orodha ya karatasi zinazotakiwa: diploma au hati inayoshika nafasi yake, matokeo ya madarasa mawili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, na picha. Ilitupasa kujua kila karatasi inapelekwa wapi na mlango unafungwa saa ngapi. Maana mgeni akikosea mlango mmoja katika ofisi ya kuandikisha, ambayo wanafunzi huiita aparitora, huenda akarudi mwisho wa mstari na kusimama jua zima.

Tena kuna habari ya fedha. Fedha za masomo hulipwa benki, na risiti hutolewa papo hapo. Siku hizo za mwanzo hutokea watu wenye maneno matamu, wenye tai na kalamu mfukoni, wanaomwambia mgeni: «Leta, mdogo wangu, nitakulipia upesi bila kupanga mstari.» Baba ameuza ng'ombe au shamba lake la mihogo, na fedha zote zinapotea kwa dakika moja. Kwa sababu hiyo tuliwafundisha wageni habari ya benki kabla hatujawaonyesha hata mahali pa kulala. Mambo mengine yalikuwa mepesi: chakula cha bei nafuu kinapatikana wapi, maji yanapotea siku gani, na vitabu vya masomo vilivyopigwa chapa vinanunuliwa kwa nani.

Sasa nitasimulia kosa langu, ingawa hata leo naona haya kulitaja.

Mwaka wa kwanza wa kazi hiyo nilikuwa na maneno mengi. Niliwatembeza wageni wangu tangu asubuhi hata jioni, nikisema Kifaransa kizuri, kwa sababu nilitaka waone kwamba mimi ni mtu aliyesoma. Kila nilipomaliza maelezo niliuliza: «Mmeelewa?» Nao wote wakajibu: «Ndiyo, yaya.» Nikafurahi moyoni. Jioni ya siku ya nne nikawaambia: «Orodha ya vyumba itatoka kesho kutwa kwenye valves. Atakayeona jina lake, aende ofisini kabla ya Jumamosi. Asipokwenda, chumba chake atapewa mwingine.» Wakasema ndiyo. Tukaagana.

Valves ni ubao wa matangazo. Neno hilo tuliachiwa na Wabelgiji, na katika vyuo vyetu kila mtu hulitumia bila kufikiri. Lakini kati ya wale ishirini alikuwamo kijana mmoja aliyetoka shule ya misheni huko mbali vijijini, mwenye akili na mwenye haya nyingi. Yeye aliijua valvu moja tu hapa duniani: ile ya tairi la baisikeli. Alizunguka siku mbili mahali po pote palipo na baisikeli. Akafika hata kwenye gareji ya magari nyuma ya jiko, akasimama akitazama kuta. Fundi akamwuliza anatafuta nini. Akajibu kwamba anamngoja mtu. Jumamosi ikapita. Jina lake lilikuwamo katika orodha tangu siku ya kwanza, pamoja na namba ya chumba, na chumba hicho akapewa mwingine.

Mimi sikujua lo lote. Katika juma la tatu, alfajiri, nikakutana naye njiani akielekea kituo cha magari, sanduku kichwani. Nilidhani anahama nyumba, nikamtania. Hakujibu. Akalitua sanduku, akageuza uso. Ndipo habari yote ikatoka: usiku alilala barazani mwa ukumbi wa masomo, akiamka kabla ya wafagiaji kufika, fedha za chakula zilikuwa zimekwisha, na sasa anarudi kwao kumwambia baba yake kwamba masomo yamemshinda.

Nikamwambia: «Lakini mdogo wangu, kwa nini hukuniuliza?»

Akasema: «Yaya, uliuliza kama tumeelewa, na wenzangu wote wakasema ndiyo.»

Tulikwenda pamoja ofisini, lakini orodha ilikuwa imefungwa, na karani alituonyesha mlango. Basi nikamlaza chumbani mwetu, chini, kati ya vitanda. Chumba kilikuwa cha watu wawili, nasi tulikuwa watatu tayari. Wanafunzi wenye kulala hivyo bila chumba chao wenyewe huitwa «maquisards», maana yake watu waliojificha msituni, na ni wengi kuliko wazazi wanavyofikiri. Yeye alikaa katika msitu wetu hata mwisho wa mwaka. Mtihani wa kwanza alikosa masomo mawili; kikao cha pili akafaulu.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena «Mmeelewa?» Ni swali lisilo na faida, maana kusema hapana mbele ya wenzako ni kujivua nguo. Mahali pake nikasema: «Nionyesheni.» Nikamweka mgeni mmoja mbele, nikamwambia aturudishe mlangoni kwa njia tuliyoipita. Mwingine nikamwambia asome ratiba ya masomo kwa sauti, na kuonyesha kwa kidole ukumbi ambao atakaa Jumatatu saa mbili. Pia nikaanza kuwasimulia ujinga wangu mwenyewe, jinsi nilivyokaa saa nzima katika somo la madaktari, nikidhani kwamba profesa amegeuza mada. Walipokwisha kucheka, maswali yakaanza kutoka.

Na jambo lingine nililolijua kwa kuchelewa: lugha. Mchana tulisema Kifaransa, nayo ni haki, kwa sababu ndiyo lugha ya masomo, na mgeni lazima aizoee. Lakini jioni niliwaketisha chini ya mwembe, nikasema nao Kiswahili. Hapo walifunguka. Msichana aliyenyamaza siku tatu aliuliza maswali tisa mfululizo. Nayo hayakuwa maswali ya kitoto. Aliuliza itakuwaje kama baba amelipa nusu ya fedha tu, na kama mtu anaweza kubadili masomo bila kupoteza mwaka.

Kosa langu lilikuwa la haraka na majivuno. Lakini iko namna nyingine ya kumpokea mgeni vibaya, na hiyo hufanywa kwa kusudi. Vijana wetu huiita «bleusaille». Mwanafunzi mpya huitwa «bleu», naye kwa siku kadhaa huwa mtumwa wa wakubwa: hunyolewa nywele, hupewa jina la kuchekesha, huamriwa kuimba, kupiga magoti, kufua nguo za wengine. Desturi hiyo ilikuja kwetu pamoja na vyuo vyenyewe: Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kama mtoto wa chuo cha Louvain; na kile cha Élisabethville, leo Lubumbashi, kilichoanza masomo mwaka 1956. Ulaya yenyewe iliijua zamani sana. Katika karne za kati mwanafunzi mgeni wa Paris aliitwa «mdomo wa manjano», yaani kinda la ndege, naye alidaiwa fedha za karamu. Wadachi walimvika pembe na meno ya uongo, kisha wakayaondoa kwa shoka na koleo, eti wamemtoa katika unyama na kumfanya mtu.

Wanaoitetea bleusaille husema kwamba inaunganisha watoto wa matajiri na wa maskini, wa mji na wa kijiji, maana wote hunyolewa sawasawa. Sitasema kwamba ni uongo mtupu. Ninao rafiki wawili waliojuana siku hiyo, wakiwa wamepiga magoti bega kwa bega. Lakini tazama mwisho wake unaweza kuwa nini. Katika Desemba 2018 mwanafunzi mmoja wa chuo cha Leuven, mwenye miaka 20, alikufa baada ya kuingizwa katika chama cha wanafunzi: alinyweshwa mchuzi wa samaki, akakalishwa katika shimo lenye maji ya baridi kali. Mwaka 2023 mahakama ya Antwerpen iliwahukumu wenzake 18 kufanya kazi za manufaa ya watu na kulipa faini. Watu wengi wa Ubelgiji walinung'unika kwamba adhabu hiyo ni nyepesi mno.

Hata pale asipokufa mtu, nina neno langu juu ya bleusaille. Jambo la kwanza analojifunza bleu ni kunyamaza. Anajifunza kwamba anayeuliza huchekwa, na anayechekwa huongezewa kazi. Kisha wakubwa hao hao wanashangaa kwa nini vijana wanaacha masomo kabla ya Krismasi.

Huko Marekani walishika njia nyingine, ingawa nao walikuwa na maonevu yao, na baadhi ya vyama vyao wanayo hata leo. Chuo Kikuu cha Boston kiliwawekea wageni siku yao maalum mwaka 1888, na cha Maine kikaanza juma zima la wageni mwaka 1923. Habari inayonipendeza ni ile ya Karolina ya Kusini. Katika Mei 1970 wanafunzi wenye hasira waliingia katika jumba la wakubwa, wakamfungia mkuu wa chuo, Thomas Jones, ndani ya ofisi yake. Mtu mwingine angefikiri juu ya polisi tu. Yeye alijiuliza kwa nini vijana hawa hawakipendi chuo chao, na mwaka 1972 akaanzisha somo la mwaka wa kwanza, la kuwazoeza wageni na kuwafanya wajuane na walimu. Baadaye wanafunzi wa miaka ya juu wakawekwa kando ya walimu katika somo hilo. Siku hizi vyuo vingi vya nchi ile huchagua viongozi wa wageni miezi mingi mbele, huwafundisha, huwavika shati la rangi moja, na mara nyingi huwalipa.

Sisi hatuna fedha za mashati. Lakini kuchagua watu vema hakuhitaji fedha, na hapo ndipo nawaonya wakubwa wa vyuo wanaoweza kusoma ukurasa huu. Kitambaa cheupe mkononi ni mamlaka, hata kama ni kitambaa tu. Mgeni anamwamini aliyekivaa kuliko anavyomwamini polisi. Nimemwona kiongozi aliyewaomba wageni wake «fedha ya maji» kwa kila ofisi aliyowapeleka. Tena nimesikia habari ya mwingine aliyemwambia msichana kwamba atamtafutia chumba kizuri, mradi naye amwelewe. Huyo wa pili hakuondolewa. Mwaka uliofuata alivaa kitambaa tena. Wazazi, waambieni binti zenu kabla hawajapanda gari: msaada wa kiongozi haudaiwi malipo ya namna yo yote, na akidai, waende mara moja kwa msimamizi wa nyumba ya wasichana, wawili pamoja.

Na wewe kijana unayekwenda, usione haya kumshika mkono mwenye kitambaa na kumwambia: «Yaya, neno hilo silijui.» Kama ni kiongozi kweli, atasimama.

Yule kijana wa baisikeli, mwaka uliofuata, alikuja kuomba kazi ya kupokea wageni. Alipewa ishirini, kama sisi sote. Nilimfuata kwa mbali asubuhi ya kwanza, nikitaka kuona ataanzia wapi. Hakuanzia benki, wala aparitora. Aliwaongoza moja kwa moja hata kwenye ubao wa matangazo, akaweka kiganja juu ya mbao zake zilizopasuka kwa jua, akawangoja wa nyuma wafike. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni:

«Hii ndiyo valvu. Haina tairi.»