Tilapia na kambale katika bwawa moja: nani aingie kwanza, na wangapi?



Kila tunapopita vijijini kando ya Kolwezi, swali la kwanza ni lile lile: "Agronomu, bwawa yangu inaenea samaki ngapi?" La pili linafuata mbio: "Naweza kuchanganya na kambale?" Tunajibu yote mawili leo, sababu baridi inaisha na wengi mmeshaanza kutafuta alevini.

Tuanze na tilapia. Shida yake si kufa, ni kuzaa. Akifika miezi 3 au 4 anaanza kutaga, hata kama bado ni mdogo sawa kiganja cha mtoto, na maji yakiwa na joto anarudia kila wiki 4 hadi 6. Jike anabeba mayai mdomoni, kwa hiyo watoto mingi wanapona. Unatia samaki 200. Siku ya kuvuna unatoa ndoo za visamaki vya kidole, mifupa mitupu, na sokoni mama anapita, anaenda kununua tomsoni. Haiko jambo jipya. Wakati wa Wabelgiji maelfu ya mabwawa yalichimbwa katika nchi yetu, na kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilifanya majaribio ya tilapia. Baada ya uhuru mabwawa mengi yaliachwa, na visamaki hivyo vilikuwa moja ya sababu.

Kambale ndiye anayepunguza watoto hao. Tena yeye mwenyewe hazai ovyo katika maji yaliyotulia ya bwawa, kwa hiyo idadi yake unaijua.

Lakini kambale haulizi huyu ni mtoto au ni alevini uliyemnunua. Kinachoenea mdomoni kinaliwa. Hapo sisi wenyewe tulikosea. Mwanzoni mwa kazi yetu tulimshauri mama mmoja atie tilapia na kambale siku moja. Idadi tulihesabu vizuri; urefu hatukupima. Kambale walikuwa sawa kiganja, tilapia sawa kidole kidogo. Baada ya miezi 6 tukafungua maji: kambale wanene kabisa, lakini tilapia hata ndoo moja haikujaa. Pesa ya alevini mama aliikopa katika kasha la koperative. Alituangalia tu, akasema: "Basi nimelisha kambale na deni?" Deni lile alililipa kwa mahindi ya nyumbani.

Tangu siku ile tunafanya hivi. Bwawa la ara 1, yaani mita 10 kwa 10, linapata tilapia 200, samaki 2 kwa kila mita ya mraba. Kina kiwe sentimita 60 upande wa juu, na kama sentimita 120 upande wa kutolea maji. Tilapia wanaingia peke yao. Unangoja mpaka uone vitoto vya kwanza vikiogelea kwenye ukingo, karibu miezi 2. Ndipo unaleta kambale 10 hadi 20, kila mmoja asizidi nusu ya urefu wa tilapia. Usikadirie kwa macho: vua tilapia kadhaa, uwalaze kando ya kambale, upime.

Weka wavu mdogo pale maji yanapoingia, kambale wa mtoni asiingie bila kualikwa. Na zungushia uzio: kambale anavuta hewa ya juu, na usiku wa mvua anaweza kutambaa kwenda zake. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, kwa hiyo Juni na Julai tilapia karibu anaacha kukua. Ukitia Septemba, utavuna kabla ya baridi.

Wengine wanatuuliza juu ya tangi la plastiki la litre 1,000 nyuma ya nyumba. Tuhesabu pamoja. Tilapia 200 wa gramu 200 ni kilo 40; katika bwawa la ara 1 lenye kina cha mita 1, ni gramu 400 kwa kila litre 1,000. Ukitia 50 hao katika tangi lako, ni kilo 10, mara 25 zaidi! Bila pampu ya hewa, na umeme wetu mnaujua, asubuhi utawakuta tumbo juu. Kambale anavumilia zaidi, lakini maji lazima yabadilishwe mara kwa mara. Na matangi yale, sana sana yanayotoka kwenye viwanda vya madini, yalibeba nini? Kama hujui, usiweke samaki humo, wala maji ya kunywa.

Hata maji ya bwawa yanataka swali hilo. Kuna mito kwetu, kama Luilu na Musonoi, ambayo imepokea uchafu wa madini kwa miaka mingi. Shaba inaua samaki hata pale maji yanaonekana safi. Chini ya machimbo au kiwanda usichimbe bwawa, hata kama samaki wanaishi humo, sababu metali zinaweza kubaki mwilini mwao na kufika kwenye bukari yako. Kwa kijito kingine chochote, tia tilapia 10 katika kizimba cha wavu, uwaache wiki nzima. Wakifa, tuite kabla ya kununua alevini. Wakibaki wanakula vizuri, njoo na vipimo vya bwawa lako, tuhesabu pamoja.