Kijana wa Afya Anatafuta Nini Kazini?

Mama mjamzito anapofika zahanati usiku na kukuta mlango umefungwa, lawama aghalabu humwangukia muuguzi aliyehama. Ni nadra watu kuuliza kwa nini alihama.

Husemwa kwamba waliozaliwa kati ya miaka ya 1981 na 1996 hawana uvumilivu na wanajali fedha tu. Mshahara una uzito wake, lakini si kila kitu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, kisha likauhuisha mwaka 2021. Pamoja na malipo, mwongozo huo unataja makazi bora, shule za watoto, mazingira salama ya kazi yenye vifaa, usimamizi wenye kuelekeza na nafasi ya kujiendeleza.

Kijana aliyefundishwa chuoni kutomzalisha mama bila glovu, akikabidhiwa chumba kisicho na glovu wala maji, huumia dhamiri kabla ya kuumia mfukoni. Akikosea, akafokewa mbele ya wagonjwa badala ya kuelekezwa, huanza kuandika barua ya uhamisho.

Mganga mfawidhi, keti na vijana wako, uwasikilize kabla ya barua hiyo kuandikwa. Nawe mgonjwa, kikao cha kijiji kikiitishwa, ulizia nyumba ya muuguzi kama unavyoulizia dawa. Dawa bila mtu wa kuitoa haimponyi yeyote.